Ushirika, shirika, karakana ya ada au safu ya mabanda: kituo gani kinawafaa mafundi wa mtaa wenu?

Kila kikao cha kuanzisha kituo cha mafundi nilichowahi kukaa kimeanza na kiwanja. Mwenyekiti wa mtaa anajua eneo la wazi nyuma ya zahanati, mzee mmoja ana ghala la zamani la katani, mwingine ameahidiwa kontena. Watu wanachangamka, ramani inachorwa mchangani kwa kijiti, na kabla chai haijaisha kila mmoja ameshajipa kona yake: mchongaji upande wenye kivuli, akina mama wa ukili barazani, mchomeleaji nyuma kabisa na cheche zake. Jina la nani litaandikwa kwenye hati, na fedha za kinyago kilichouzwa Jumamosi zitapitia mkono wa nani, hayo yanaachwa kwa kikao kijacho.

Nimekuwa katibu wa kikundi cha namna hiyo mkoani Tanga kwa miaka minne. Hayo ya kikao kijacho ndiyo yaliyotuchosha. Kwa hiyo hapa nimeweka pamoja njia nne ambazo vituo vya aina hii hufuata Tanzania na Kenya, nikazipima kwa vipimo vilevile, ili anayesita aone anachokichukua na anachokiacha. Moyo wangu uko upande wa ushirika, nakiri mapema, lakini nimeona watu waliofanikiwa kwa kila mojawapo ya njia hizi.

Kwanza, mafundi wenu wamekosa nini?

Fundi anaweza kukosa paa, kifaa, au mnunuzi. Kikaoni vyote vitatu husemwa kwa neno moja, "kituo", na hapo ndipo watu hudhani wameelewana. Mwulizeni kila mmoja peke yake, pale anapofanyia kazi, maana kikaoni anayesema wa kwanza huwabeba wengine.

Sisi hatukuuliza. Tulipata mfadhili aliyekuwa tayari kutununulia mashine ya kukereza mbao, tukaipokea kwa shangwe. Ilipofika ikaonekana inataka umeme wa njia tatu, na nyumba tuliyopanga ilikuwa na njia moja. Mashine ile ilikaa chini ya turubai la bluu kutoka masika moja hadi masika nyingine, kuku wakitaga chini yake, huku wasusi wetu wa ukili wakiendelea kuwauzia mikeka wachuuzi wa barabarani kwa bei waliyopangiwa. Kumbe walichokosa wengi wetu ni mnunuzi. Kifaa kilikuwa shida ya watu wawili tu.

Vipimo

Njia zote nne nimezipima hivi. Mtaji wa kuanzia unatoka wapi. Nani mwenye uamuzi. Fedha za mauzo zinafikaje kwa fundi. Vifaa na kufundishana vikoje. Soko linapatikanaje. Na mwisho, panapovunjikia, kwa sababu kila njia ina mahali pake dhaifu na ni afadhali kupajua mapema. Kisha nasema inawafaa akina nani.

Njia ya kwanza: ushirika wa mafundi wenyewe

Mafundi wanajiunga, kila mmoja analipa kiingilio na kununua hisa, wanasajiliwa na kuchagua bodi. Kituo ni mali yao. Mfano mkubwa uko Changamwe, Mombasa: chama cha wachongaji wa Kikamba, Akamba Handicraft, kilichoanza 1963. Dar es Salaam kuna chama cha wachoraji wa Tingatinga, Oysterbay, palepale Morogoro Stores alipokuwa akiuzia picha zake Edward Saidi Tingatinga kabla ya kuuawa kwa risasi mwaka 1972. Wanafunzi na ndugu zake walianza na ubia miaka ile ile ya 1970, wakasajili ushirika 1990. Yaani ilichukua muda, na hilo mlishike.

*Mtaji.* Ni hisa na viingilio, hivyo mwanzo huwa mdogo. Kenya sheria inataka angalau watu kumi. Tanzania vyama viko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa sheria ya 2013, na mtu wa kumwendea kwanza ni afisa ushirika wa wilaya, atakayewaeleza namna ya kuandika masharti ya chama. Ambao hawajafika huko wanaweza kusajili kikundi halmashauri kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Huko kuna mikopo isiyo na riba inayotengwa kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Msisahau kwamba ni mkopo. Nimeona kikundi kikinunua viti vya ofisi kwa fedha hizo, na marejesho yakaanza kabla ya mauzo.

*Uamuzi.* Mtu mmoja, kura moja. Mchongaji wa miaka thelathini na kijana aliyejiunga mwezi jana wako sawa mbele ya mkutano mkuu. Heshima ya ushirika iko hapo, na vikao vyake virefu vinatoka hapo hapo.

*Fedha.* Utaratibu wa Changamwe unafaa kuigwa: kila kinyago dukani kina namba ya mwanachama aliyekichonga. Kikiuzwa, chama kinakata sehemu yake, iliyobaki ni ya mwenye namba. Sisi tulianza bila namba, kwa kuaminiana. Siku moja vikapu viwili vya ukindu vilivyofanana rangi vikauzwa pamoja, kimoja kwa bei nzuri na kingine kwa punguzo, na wasusi wawili waliokuwa wakisalimiana kwa "shoga" wakakaa wiki tatu bila kusemeshana. Tangu hapo kila kikapu kina kipande cha kitambaa kilichoshonwa ndani ya ukingo, na namba yake iko kwenye daftari.

*Vifaa na mafunzo.* Mchongaji wa mpingo hamwazimi mtu tezo yake. Mpini umeshazoea kiganja chake. Kwa hiyo faida ya ushirika haiko sana kwenye vifaa, iko kwenye malighafi. Gogo la mpingo likipigwa jua siku chache linaanza kupasuka, ufa unaingia kwenye ncha na kutambaa hadi kwenye moyo mweusi, ambao ndio hasa ulioulipia. Fundi wa peke yake hununua kigogo kimoja, hukifunika kwa gunia bichi na kukimbizana nacho kabla hakijaharibika. Chama kinaweza kununua mzigo mmoja wenye hati zote za misitu, kikauweka kivulini, na kuwauzia wanachama kidogo kidogo. Hati hizo ni jambo kubwa, kwa maana mzigo usio na hati ya kusafirishia hukamatwa njiani na hasara inabaki kwa aliyeubeba. Wachongaji wa Kikamba nao, mpingo na muhugu ulipoanza kuadimika, waligeukia mwarobaini na miembe ya mashambani, na mgeuko wa namna hiyo ni mgumu kwa mtu mmoja mmoja. Kuhusu kufundishana, ushirika hutumia njia ya zamani: kwa wachoraji wa Tingatinga kijana huanza kwa kupaka rangi ya nyuma kwenye picha ya mkubwa wake, rangi ile ile ya mafuta ya kwenye kopo, na polepole hupewa majani, kisha ndege, mpaka siku anapoandika jina lake pembeni.

*Soko.* Chama kinaweza kupokea oda kubwa ambayo mtu mmoja hawezi. Kwa upande mwingine wanachama huigana, kinyago kimoja kikitoka vizuri, mwezi unaofuata viko arobaini vinavyofanana, na bei inashuka.

*Panapovunjikia.* Kwa viongozi wanaokaa muda mrefu bila kusoma hesabu mbele ya watu, na kwa wanachama wanaomchukua mteja aliyekuja kituoni wakamuuzia nje ya geti. La pili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu linafanywa na wengi.

*Inawafaa* mafundi wa ufundi mmoja au unaokaribiana, wanaojuana, wenye nia ya kukaa mahali hapo miaka mingi.

Njia ya pili: kituo cha shirika

Hapa shirika lisilo la kiserikali, kanisa, msikiti au asasi ya wasanii inaanzisha kituo na kuwapokea mafundi. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam ilianzishwa hivyo mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, ikapata jengo lake mwaka 1983. Mombasa kuna Bombolulu, karakana zilizoanza 1969 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa viungo, chini ya chama chao cha Kenya, APDK. Mikocheni kuna Nafasi Art Space, tangu 2008, wasanii wakifanyia kazi ndani ya makontena yaliyogeuzwa studio.

*Mtaji.* Hutoka kwa wafadhili, kwa hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote kupata paa na mashine.

*Uamuzi.* Uko kwa bodi na mkurugenzi. Fundi husikilizwa, hapigi kura. Tanzania shirika husajiliwa chini ya sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002 na hutakiwa kutoa taarifa kila mwaka, na hilo ni faida kwa fundi akijua kuiomba taarifa hiyo na kuisoma.

*Fedha.* Mara nyingi kituo humlipa fundi mshahara, au hununua kazi yake kwa kipande kisha kuiuza chenyewe. Mama anayelea watoto peke yake anajua thamani ya kulipwa leo badala ya kungoja mtalii wa Agosti. Gharama yake ni kwamba hajui kikapu chake kimeuzwa kiasi gani Ulaya, na asipojua hawezi kupandisha bei yake.

*Vifaa na mafunzo.* Hapa njia hii inazishinda nyingine zote. Tanuri la kuchomea vyungu, meza za batiki, walimu wanaolipwa, muda wa kukosea. George Lilanga aliingia Nyumba ya Sanaa miaka ya mwanzo ya 1970 akiwa mlinzi wa usiku. Pale, kati ya wasanii wengine wakiwemo ndugu zake wa Kimakonde, alipata nafasi ya kuchonga na kuchora, na kazi zake zimeonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Nafikiri sana juu ya hilo. Kituo cha ada kisingempa mlinzi meza.

*Soko.* Shirika linajulikana nje, linajibu barua pepe, linafunga mizigo vizuri. Kuna la kuangalia: mteja wa huko mara nyingine hununua masikitiko ya fundi kabla ya kutazama kazi yenyewe. Kituo kikizoea kuuza hivyo, ubora hulegea, na siku masikitiko yakichuja soko linaondoka nayo. Ukitembelea kituo cha shirika, tazama kama bidhaa ingeuzika bila maelezo yaliyoandikwa kwenye kikaratasi chake.

*Panapovunjikia.* Ufadhili unapokwisha, na kwenye hati ya kiwanja. Jengo lile la Nyumba ya Sanaa halipo tena. Waliofanyia kazi pale miaka mingi hawana pa kurudi. Nairobi, Kuona Trust ilianza 1995 na kulea wasanii wengi; ilipofika mwisho wake, wasanii wenyewe waliunda Kuona Artists Collective na kuendelea na studio zao. Kwa hiyo kituo cha shirika kinaweza kuzaa cha wasanii, lakini ni wale waliokuwa wameshazoeana walioweza kukishika.

*Inawafaa* wanaoanza kujifunza, watu wenye ulemavu wanaohitaji karakana iliyotengenezwa kwa ajili yao, na mitaa ambayo ufundi upo lakini fedha za kuanzia hazipo kabisa.

Njia ya tatu: karakana ya ada

Mtu binafsi, kampuni au kikundi kinanunua mashine na kupanga jengo. Fundi analipa kwa siku au kwa mwezi, anaingia, anafanya kazi yake, anaondoka nayo. Gearbox ya Nairobi ni ya namna hii, yenye mashine za kukata na kutengeneza sampuli zinazoongozwa na kompyuta. Kwa udogo zaidi, karakana nyingi za useremala mijini hufanya hivi bila kujipa jina: unaleta mbao zako, unalipia mashine ya randa, unaondoka.

*Mtaji.* Mkubwa, na unatoka mfukoni au benki. Kabla ya mashine, ulizeni TANESCO au Kenya Power kama njia tatu inafika hapo na nguzo ngapi zitahitajika. Nimeshaeleza kwa nini nasisitiza.

*Uamuzi.* Ni wa mwenye karakana. Ni wa haraka na unaeleweka. Usipokubaliana naye unahama.

*Fedha.* Kila shilingi ya mauzo ni ya fundi. Hakuna makato, hakuna namba, hakuna wa kumshuku.

*Vifaa na mafunzo.* Ndiyo sababu ya njia hii kuwepo. Mtengeneza viti hahitaji msumeno wa meza kila siku, anauhitaji siku nne kwa mwezi, na kuununua ni kuzika fedha. Lakini mashine ya wote huharibika kama ya mtu asiyekuwepo. Lazima awepo fundi mkuu wa zamu, anayekabidhi na kupokea, anayejua kunoa visu vya randa, na mwenye mamlaka ya kumwambia mtu "leo hushiki mashine hii". Msumeno wa meza hausamehi. Mgeni apewe siku nzima ya kuonyeshwa kabla ya kuuwasha, na yule aliyevaa kanzu au shela refu apewe koti la kazi bila mjadala. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na vitu ndani yake. Faida nyingine, ambayo watu hawaitaji, ni kwamba ufundi tofauti hukutana kwenye meza moja: msusi wa ukili akamwona mchomeleaji akikunja nondo, na wiki ijayo kuna kiti cha fremu ya chuma chenye kalio la ukili.

*Soko.* Hakuna. Karakana haikuuzii chochote, labda iwe na rafu mlangoni.

*Panapovunjikia.* Mwezi wa masika ambao wanaolipa ni watano, na kodi ya nyumba haijui masika.

*Inawafaa* mafundi wenye wateja wao tayari, vijana wanaojaribu vitu vipya, na miji yenye watu wa kutosha kuijaza.

Njia ya nne: safu ya mabanda

Kila mtu na kibanda chake, wote mahali pamoja. Mwenge, Dar es Salaam, ndiyo picha ya haraka: maduka ya vinyago yamepangana, na wachongaji wakisugua msasa nje. Kamukunji ya Nairobi, nyumba ya jua kali, ni nyingine. Mafundi wa mabati walikuwa wakigonga juani mpaka walipojengewa mabanda katikati ya miaka ya 1980, baada ya Rais Moi kuwatembelea. SIDO, shirika la serikali ya Tanzania la kuendeleza viwanda vidogo, lililoundwa 1973, nalo lina maeneo ya viwanda vidogo mikoani ambako fundi anaweza kuomba nafasi.

*Mtaji.* Mdogo kwa kila mmoja. Ardhi ni ya halmashauri au taasisi.

*Uamuzi.* Kila mtu kwenye kibanda chake. Mambo ya pamoja, yaani choo, ulinzi, taka na taa, yanataka kamati, na kamati isiyo na fedha haiwezi hata kununua kufuli.

*Fedha.* Mfukoni moja kwa moja, ukiondoa kodi na kamisheni ya waongoza watalii. Kamisheni hiyo msiipuuze. Mkiwa na bei kumi kwenye mabanda kumi, dereva mwenye wageni ndiye anayewapangia wote.

*Vifaa na mafunzo.* Kila mtu na vyake. Kufundishana kupo, kwa kutazamana, na kwa vijana wanaokaa mlangoni wakipiga msasa kabla ya kupewa patasi.

*Soko.* Hapa ndipo nguvu yake ilipo. Mteja hapendi kusafiri kwa ajili ya duka moja. Mabanda thelathini humleta mwenyewe, na akifika anaona kazi ikifanyika.

*Panapovunjikia.* Hati ya eneo. Barabara ikipanuliwa au halmashauri ikibadili mpango, mabanda ndiyo ya kwanza kuwekewa alama ya X. Kuna na lingine la polepole: wachuuzi wanaonunua kwingine na kuuza hapo huweza kulipa kodi kubwa kuliko mchongaji, na baada ya miaka unakuta soko la ufundi lisilo na fundi.

*Inawafaa* mafundi waliokomaa, kwenye mji wenye wapita njia au watalii.

Hesabu moja ya kuweka mezani

Namba hizi ni za mfano. Badilisheni kwa za kwenu. Tuseme kituo kidogo kwa mwezi kinatumia kodi ya sh. 300,000, mlinzi 200,000, umeme 120,000, matengenezo 80,000, maji na usafi 50,000. Jumla ni 750,000. Mafundi ni kumi na watano.

Mkienda kwa makato ya asilimia 20 kama ushirika, kituo lazima kiuze 3,750,000 kwa mwezi, wastani wa 250,000 kwa kila fundi. Mkienda kwa ada, kila fundi analipa 50,000. Matokeo kwa kituo ni sawa. Tofauti ni nani anabeba mwezi mbaya. Kwenye makato, Aprili ya mvua inabebwa na kituo: asiyeuza hakatwi, na mlinzi anaweza kukosa mshahara. Kwenye ada, inabebwa na fundi: hajauza hata kikapu, na 50,000 inadaiwa. Anayeuza sana naye hupenda ada, kwa sababu akiuza milioni moja, makato yangemla 200,000. Ndiyo maana mafundi wazuri huwa wa kwanza kutoka kwenye kituo cha makato, na wanyonge wa kwanza kutoka kwenye kituo cha ada. Tulichofanya sisi ni kuchanganya, ada ndogo ya 15,000 pamoja na makato ya asilimia 14, na wote walinung'unika kidogo badala ya wachache kunung'unika sana.

Kwa hali yenu

Mko kijijini, ufundi ni mmoja, tuseme ukili au vyungu, na wengi ni akina mama wanaofanyia kazi nyumbani: anzeni na kikundi, mkielekea ushirika. Hamhitaji jengo kubwa. Chumba cha kuhifadhia kisichovuja na siku moja ya wiki ya kukusanya na kukagua kazi vinatosha kwa mwaka wa kwanza.

Mko mjini, mafundi ni wa kila aina na kila mmoja ana wateja wake: karakana ya ada, iwe ya mmoja wenu mwenye uwezo au ya kikundi. Iwekeni rafu ya mauzo mlangoni ili anayekuja kuchukua kabati lake aone na taa ya kifuu.

Mna eneo kwenye njia ya watalii, au karibu na stendi: mabanda. Pataneni tangu mwanzo, kwa maandishi, kwamba kila kibanda lazima kiwe na mtu anayefanya kazi kwa mikono hapo hapo, na msianze kupiga misumari kabla ya kupata barua ya halmashauri inayotaja miaka.

Vijana wenu hawana ufundi bado, wazee wenye ufundi wanaondoka mmoja mmoja: tafuteni shirika, na msione aibu. Ila ombeni mambo mawili kwenye mkataba: viti vya mafundi kwenye bodi, na maelezo ya vifaa vitakuwa vya nani siku mradi ukifungwa. Mfadhili mwema hatakasirika. Wetu wa mashine ya kukereza, tulipomwandikia ukweli, alikubali tuiuze kwa karakana yenye njia tatu, na fedha zile ndizo zilizojenga rafu na kununua mizani ya kupimia ukindu.

Na kama kikao kimegawanyika, nusu wanataka hiki na nusu kile, msijenge kwanza. Ombeni rafu moja kwenye duka la mtu mnayemwamini, wekeni kazi zenye namba, na daftari moja lenye safu nne: tarehe, namba, bei, sahihi ya aliyepokea fedha. Anzeni Juni, mfike Novemba, mpate msimu wa wageni na miezi ya kawaida. Kisha mkutane tena mlifungue daftari hilo mbele ya wote, kabla mtu hajachukua kijiti cha kuchorea ramani.